Omu Nane na Omu Nane

Kileo wa Mtaa wa Swahili ananisifia wati.
"Elfu moja, dada. Kichwa hiki kitang'oa bati."
Anakifuta vumbi kwa kiwiko, taratibu,
kama afutaye shavu la mtoto wa mwenzake.
Nina milioni moja na laki mbili, mgao wa kikoba,
nimezifunga kwenye kanga, kanga ndani ya mkoba,
mkoba chini ya kwapa.

Sikuja kung'oa bati.
Miaka sita nimepiga besi kwa maboksi ya kuazima,
kila ukumbi na boksi lake, kila boksi na kikohozi chake.
Lile la Mwananyamala tuliliziba spika
kwa karatasi ya daftari na gundi ya mbao.
Watu walicheza, ndiyo.
Walicheza ngoma. Mimi walinikadiria.

Nampigia Fundi Mketo, yuko Gerezani,
nyuma yake redio tatu zinabishana.
"Wati ni majigambo," anasema. "Uliza omu.
Uliza kama watu wanaopeleka posa:
huyu anakula kiasi gani, yule ana uwezo gani."

Nakigeuza kichwa, nakisoma kisogo.
Maandishi madogo: omu nne, zisipungue.
Na maboksi aliyonipangia Kileo,
mawili, meusi, nailoni haijabanduliwa,
kila moja omu nne.
Yakiungana, mbili.
Hesabu gani hii, ukijumlisha inapungua,
na ikipungua mno, kichwa kinaungua?
"Lakini waya si unaingia?" anasema Kileo.
Unaingia.
Hata wodi na mochwari geti ni moja.

Nataka nane na nane.
Tunazikuta stoo, chini ya mafeni mabovu:
boksi moja la spika nne za inchi kumi,
na jingine la spika moja, kumi na tano.
Hayakuzaliwa nyumba moja.
La kumi na tano limeliwa kona,
mgongoni rangi nyeupe: MALI YA MTONI CHIPUKIZI JAZZ,
imepigwa mstari,
chini yake mkono mwingine: USIKALIE.

Na kichwa si kile cha elfu.
Ni cha mia tatu, taa moja nyekundu, vifundo vinne,
kimoja kimekatika, kinazungushwa kwa koleo.

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma.
Wasemao hivyo hawajasimama mbele ya boksi
lililojengwa na mtu mwenye rula:
ni tupu, lakini tupu kwa kipimo,
na mbao zake zimekatazwa kutetemeka
ili hewa itetemeke.

Nauachia uzi mnene, wazi, mara moja.
Chaja zilizopangwa kwenye kioo zinaanza kutembea.
Kileo kanyamaza.
Suruali yake imesikia kabla yake.

Mkokoteni mpaka Magomeni, elfu kumi na tano.
Pale Jangwani msukumaji anasimama, anajifuta jasho.
"Jokofu?"
"Sauti."
"Mbona nzito hivi?"
"Ndiyo niliyoilipia."

Usiku, Luku imebaki na yuniti tisa.
Nakaza waya, nane na nane, nne,
nawasha, nangoja harufu ya kuungua.
Hakuna. Napiga chini chini,
vidole tu, kama ninayehesabu hela gizani.

Ukuta unagongwa.
Nazima haraka, natafuta maneno ya kuomba radhi.
Ni Bi Semeni, sauti yake inapitia dirishani:
"Nani kakwambia uzime?
Kabatini mwangu kuna glasi moja inakuitikia.
Piga tena niijue ni ipi."

Napiga.
Upande ule anazitoa, moja, moja,
naisikia kila moja ikitua mezani.
"Siyo hii," anasema.
Napiga.
"Siyo hii."